Jinsi ya Kumpata Daktari Mtafiti wa Uraibu Singida: Mwongozo kwa Mwenye Hela

Una hela. Huenda ni za mfuko wa umma, huenda ni za wakfu wa familia, huenda ni faida ya alizeti iliyokamuliwa msimu uliopita. Umekaa, umetafakari, umeamua zifanye kazi moja: Mkoa wa Singida upate daktari wake mwenyewe wa kutibu uraibu na kuuchunguza kisayansi. Humtaki mgeni wa gari jeupe anayejaza madodoso kwa wiki mbili na kuondoka. Unamtaka daktari anayeijua barabara ya Ikungi na ya Kiomboi, anayesalimiwa sokoni na watu aliowatibu, na ambaye jina lake litasomwa Nairobi na London kwa sababu ya jambo aliloligundua wodini Singida.

Wazo hilo ni zuri sana. Pia ni rahisi sana kuliharibu, na wengi wamekwisha kuliharibu kabla yako. Mwongozo huu umeandikwa ili ulifikishe salama. Utakusema hapa na pale, kwa kuwa wenye hela hawasemwi vya kutosha.

Anza na kinachonyweka

Usije Singida na uraibu uliouchagua ukiwa kwenye ndege.

Uraibu uliojaa katika utafiti wa Tanzania ni wa heroini, na sababu yake ni ya heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti kama Sheryl McCurdy wa Texas na Profesa Gad Kilonzo wa Muhimbili walifuatilia maisha ya vijana wa mageto ya Dar es Salaam, wakaeleza jinsi unga ulivyohama kutoka kuvutwa hadi kudungwa, na jinsi sindano zilivyobeba VVU. Kazi yao haikuishia kwenye majarida. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, miongoni mwa za mwanzo kabisa za Serikali katika nchi za bara kusini mwa Sahara, na Dkt. Jessie Mbwambo akiwa mmoja wa waliobeba mzigo huo. Zikafuata Mwananyamala, Temeke, Zanzibar na mikoa mingine. Dodoma ikapata kituo cha Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe. Kijana aliyekuwa akilala na arosto barazani leo anakunywa dozi yake asubuhi na kwenda kibaruani. Hayo yametokana na madaktari waliouliza maswali, wakapata mtu wa kuwalipia muda wa kuyajibu.

Sasa ingia wodi ya wanaume Singida uhesabu mwenyewe. Utakuta pombe. Utakuta mtukuru wa uwele na mtama, pombe ya asali, bia ya chupa kwa mwenye mshahara, na gongo kwa asiye nacho. Gongo imepigwa marufuku kwa sheria tangu 1966 na bado inapikwa. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na wenye maduka wakatii. Je, waliokuwa wakinywa viroba waliacha, walihamia chupa ndogo, au waliteremka kwenye gongo? Hilo ni swali la daktari wa Singida, na jibu lake lingemsaidia waziri yeyote anayetaka kujua marufuku hufanya kazi wapi na huishia wapi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani. Dawa nyingine za kulevya zilichangia laki 6. Mfadhili anayetaka kuokoa watu na ana mfuko mmoja tu, hesabu hiyo inatosha kumwonyesha aanzie wapi.

Mtafute aliyekwisha kuudhika

Usianze kwa tangazo gazetini. Tangazo litakuletea wenye ufundi wa kujaza fomu, na ufundi huo sio unaoutafuta. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, nenda Mtakatifu Gaspar kule Itigi, nenda Makiungu, nenda Iambi, kaa kimya pembeni ya ripoti ya asubuhi usikilize.

Kuna mgonjwa mmoja utakayemsikia mara nyingi. Ameletwa na bodaboda, mguu umevunjika. Siku ya kwanza ametulia. Siku ya pili anatoka jasho na mikono inatetemeka. Siku ya tatu anaona wadudu ukutani, anavuta mpira wa dripu, anataka kutokea dirishani. Ndugu wanasema amerogwa. Zamu ya usiku inaandika malaria ya ubongo na kuongeza dripu ya glukosi. Asubuhi anakuja daktari kijana, anamvuta kaka wa mgonjwa pembeni na kumwuliza: “Samahani, ndugu yako alikunywa lini mara ya mwisho?” Kisha anaagiza diazepamu, na anasisitiza vitamini B1 itangulie glukosi, kwa sababu anajua sukari ikitangulia katika mwili uliokaushwa na pombe inaweza kuudhuru ubongo wa mtu huyo milele.

Ukimwona daktari huyo ana daftari la mistari ambamo ameanza kuwaorodhesha wagonjwa wa namna hiyo, bila jina, umri tu na siku waliyoanza kutetemeka, umefika. Usitazame alama zake za kidato cha sita. Usimwulize kama amewahi kuchapisha. Amekwisha kuudhika na jambo, na ameanza kulihesabu. Hayo mawili huwezi kuyanunua kwa hela yoyote. Mengine yote unaweza.

Si lazima awe bingwa wa magonjwa ya akili. Mabingwa hao ni wachache mno nchini na Singida haiwezi kuwasubiri. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, aliyevuta uzi huu ni daktari wa dharura. Catherine Staton wa Chuo Kikuu cha Duke alipewa na Kituo cha Fogarty cha Marekani ruzuku ya K01, ile inayomlipia mtafiti mchanga muda wake akilelewa na wakubwa, akafanya kazi Moshi na Watanzania akiwamo Profesa Blandina Mmbaga. Waliona kwamba majeruhi wengi waliofika pale mapokezi walikuwa wamekunywa, na kwamba hakuna aliyekuwa akizungumza nao juu ya hilo. Wakatengeneza mazungumzo mafupi ya Kiswahili yanayofanywa na muuguzi, yakifuatwa na ujumbe wa simu, wakayaita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Kisha wakayapeleka kwenye jaribio rasmi. Ruzuku moja ya malezi ilizaa kikosi kizima, Watanzania ndani yake. Swali lililobaki ni kwa nini mlango kama huo usifunguliwe kwa daktari aliyezaliwa Mkalama, hapahapa Singida.

Nunua muda, na ulipe pengo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa.

Mwaka 1979 James Wyngaarden, daktari wa Marekani aliyekuja kuwa mkurugenzi wa NIH, taasisi za taifa za afya za nchi hiyo, alionya kwamba daktari anayetibu na kutafiti yuko hatarini kutoweka. Mwaka huohuo Bunge letu lilipitisha sheria ya kuanzisha NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Wamarekani, baada ya kulalamika kwa miaka karibu 20, waliweka ruzuku za kumfunga daktari kijana kwenye utafiti. Ile iitwayo K23 humlipia kwa miaka 3 hadi 5, kwa sharti kwamba angalau asilimia 75 ya muda wake wa kazi iwe utafiti na kujifunza utafiti. Karibu siku 4 kati ya 5. Hospitali haina ruhusa ya kumrudisha zamu kwa kuwa leo wagonjwa ni wengi.

Wafadhili wanaokuja kwetu huliona sharti hilo, wanalipenda, wanalinakili. Kisha wanafanya hesabu moja mbaya: mshahara wa daktari huyu unalipwa na Serikali, hivyo muda wake ni bure. Wanaweka hela kwenye kompyuta mpakato, mafuta ya gari, vifaa vya maabara na safari ya mkutano. Mstari wa muda unabaki sifuri.

Muda wa daktari wa Singida hauwezi kuwa bure. Unalipwa na daktari mwenzake. Ukimtoa mtu mmoja wodini siku 4 kwa wiki, zamu zake hazitoweki. Zinaangukia wawili au watatu waliobaki, ambao nao wana watoto na usingizi. Mwezi wa kwanza watamtania. Mwezi wa tatu wataacha kumsalimu. Mwezi wa sita Mganga Mfawidhi atamwita ofisini, kwa upole kabisa, amwambie utafiti ni jambo jema lakini wajawazito wanasubiri. Naye atarudi zamu. Madodoso yatajazwa usiku wa manane, na wewe utapokea ripoti nene isiyo na kitu.

Dawa ya tatizo hilo iko mitaani, imevaa shati safi na inasubiri. Tanzania ina madaktari wengi waliohitimu, wamemaliza mafunzo kwa vitendo, wana leseni, na hawana ajira. Ajiri mmoja wao. Mwajiri kwa mkataba wa miaka yote ya ruzuku, umpe mshahara sawa na wa Serikali, umkabidhi kwa hospitali ashike zamu za yule uliyemtoa. Kwa gharama ya safari chache za ng'ambo unakuwa umefanya mambo matatu: mtafiti ana siku zake, wodi haina pengo, na kijana aliyekuwa akiuza vocha za simu ana stetoskopu shingoni tena. Wenzake wa mtafiti wataupenda utafiti kwa moyo mmoja, kwa kuwa umewaletea mtu.

Ukiletewa bajeti yenye fulana, mabango, mikoba yenye nembo na hafla ya uzinduzi, lakini haina mshahara wa daktari wa kushika zamu, irudishe siku hiyohiyo.

Mlezi awe wa kufikika

Daktari kijana atahitaji walezi wawili. Mmoja aujue uraibu kwa undani, mwingine aijue hesabu ya utafiti. Mwenye yote mawili akipatikana, mshukuru Mungu na umlipe mara mbili.

Ndiyo, alipwe. Huku kwetu tunapenda kudhani kwamba profesa hulea kwa sadaka. Profesa huyo anafundisha madarasa, anasimamia tasnifu rundo zima, anaona wagonjwa, na Jumamosi yuko kwenye kamati. Marekani walipoanzisha K23 kwa kijana walianzisha pia K24 kwa mlezi: ruzuku ya kumnunulia daktari mtafiti mzoefu muda wa kulea wengine. Walielewa kwamba ukimlipia mtoto karo bila kumlipa mwalimu, unakuwa umelipia darasa tupu. Weka mstari wa mlezi kwenye bajeti na uandike siku zake: mara ngapi kwa mwezi atasoma takwimu, mara ngapi kwa mwaka atafika Singida kwa miguu yake.

Afike Singida, hilo usilegeze. Kwenye simu mwanafunzi humweleza mlezi mambo aliyoyaona kuwa magumu. Wodini mlezi huona yale ambayo mwanafunzi hajui kuwa ni magumu: kwamba dodoso linasomwa kwa sauti huku mke wa mgonjwa amekaa kitandani, na kwa hiyo kila jibu ni uongo wa adabu. Dodoma haiko mbali, kama kilomita 240 za lami. Kuna Mirembe, inayotibu magonjwa ya akili tangu 1927. Kuna kituo cha Itega cha methadoni. Kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, chenye shule ya udaktari na Hospitali ya Benjamin Mkapa jirani yake. Chuo kina faida nyingine. Ruzuku ya K43, ambayo Fogarty iliianzisha kwa ajili ya watafiti wachanga wa nchi kama yetu, inadai mwombaji awe na nafasi katika chuo au taasisi ya utafiti. Daktari wa hospitali ya mkoa peke yake anaachwa nje ya lango. Akiwa na uhadhiri wa muda Dodoma na kitanda cha wagonjwa Singida, anaingia.

Atakayekuambia utafiti mkubwa haufanyiki porini, mpeleke Haydom. Hospitali hiyo ya Kilutheri ilifunguliwa 1955, iko Mbulu mkoani Manyara, ng'ambo kidogo tu ya mpaka, na watu wa Mkalama wamekuwa wakitibiwa huko miaka yote. Ilikuwa mojawapo ya vituo 8 duniani vya utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kujua kwa nini kuharisha na lishe duni hudumaza mwili na akili. Vituo vingine vilikuwa katika nchi kama Peru, Nepal na Bangladesh. Barabara ya kwenda Haydom haikuwa ya lami na damu ilipimwa vilevile.

Kuhusu jina la kwanza kwenye makala: ni la yule aliyekesha na wagonjwa. Liandike kwenye mkataba kabla hela haijatoka.

Mwache aulize swali lake

Kuna chombo cha WHO kiitwacho AUDIT, maswali 10 ya kupima unywaji. Kilitungwa kwa kutumia wagonjwa wa nchi 6, Kenya ikiwa mojawapo, na Kiswahili chake kimepimwa Moshi. Mfadhili mwenye haraka atasema: chukua hicho, wahoji watu mia kadhaa, andika makala, kwisha.

Daktari wa Singida atakwama kwenye swali la pili, na kukwama kwake ni hazina. Swali linataka kujua mtu hunywa vinywaji vingapi kwa siku anayokunywa. Chupa ya bia inahesabika. Mtukuru je? Hutekwa kwa kopo, kopo huzunguka kwa watu wanne, na nguvu yake leo siyo ya kesho kwa kuwa bado unachacha. Kilevi kiasi gani kimo ndani ya kopo moja la siku ya kwanza, na la siku ya tatu? Gongo ya mpishi huyu ina nguvu gani ukilinganisha na ya yule, na kuna methanoli ndani yake? Bila majibu hayo, kila namba itakayotoka vijijini Iramba au Ikungi ni ya kubahatisha. Utafiti wa namna hiyo hauhitaji mashine za mabilioni. Unahitaji chupa safi, maabara ya kemia, na mtu anayeaminika kilabuni.

Swali jingine linanigusa roho. Mwaka 2023 WHO iliingiza naltrekzoni na akamprosati, dawa mbili za uraibu wa pombe, katika orodha yake ya dawa muhimu. Methadoni ilikuwamo humo tangu 2005. Je, mkulima wa vitunguu anayetaka kuacha pombe ataweza kuzimeza kila siku, msimu wa kupanda ukifika? Nani atamkumbusha, mhudumu wa afya wa kijiji au mchungaji wake? Hakuna maabara ya Boston itakayojibu hilo. Litajibiwa na mtu anayejua vitunguu hupandwa lini.

Mama wa kilabuni

Katika utafiti huu yuko mtu anayesahaulika, naye ndiye anayepika. Mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi mjane au mke wa mtu asiyeleta kitu nyumbani, na karo ya watoto imo ndani ya pipa lile. Akiona daktari amekuja na askari, au na fomu inayofanana na ya askari, utafiti wako umekufa siku hiyo.

Mwagize daktari aende mapema, kabla wanywaji hawajafika, amwamkie: “Shikamoo mama, nimekuja kujifunza kwako.” Aeleze shida yake yote. Mama huyo anajua ni nani anayekunywa asubuhi mikono ikitetemeka na nani anayekunywa Jumapili tu. Anajua ni nani ameacha, na aliachaje. Madaktari wengi hawajawahi kumwuliza. Singida imewahi kuandikwa na wageni walioketi na watu: Harold Schneider alitoa kitabu juu ya uchumi wa Wanyaturu mwaka 1970, na Marguerite Jellicoe akafuata 1978 na chake juu ya mabadiliko ya maisha katika eneo la Wahi. Walikaa, wakasikiliza, wakaandika, wakaondoka na maarifa yao. Daktari uliyemfadhili atasikiliza vilevile, ila yeye atabaki, na Jumatatu mtoto wa mama yuleyule akiletwa hospitali ndiye atakayempokea.

Vibali: kuwa mpole, ila lipa

Kibali cha maadili hutolewa na NIMR au na kamati ya chuo, kisha huja barua ya mkoa, ya wilaya, na mwenyekiti wa kijiji naye atataka kuona karatasi. Itachukua miezi. Usimkasirikie mtu. Hakikisha tu kwamba mshahara wa daktari wa kushika zamu na wa msaidizi wa utafiti unaanza kulipwa miezi hiyohiyo, maana ndiyo miezi ya kusoma, kujaribu maswali na kutembelea vilabu.

Jambo moja katika maadili lichukuliwe kwa uzito wa pekee. Anayekiri kupika au kuuza gongo anakiri kosa la jinai. Bangi na unga vilevile, chini ya sheria ya 2015 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kwa hiyo hakuna majina kwenye dodoso. Kabati lifungwe, ufunguo akae nao mtu mmoja. Mazungumzo na Jeshi la Polisi na uongozi wa mkoa yafanyike kabla ya mhojiwa wa kwanza, ili ieleweke na kila mmoja kwamba karatasi za hospitali hazitoki hospitali. Mtu mmoja akikamatwa kwa maneno aliyomwambia daktari, hakuna atakayemwambia daktari ukweli tena, hata kwenye matibabu ya kawaida.

Semina

Usifanye.

Naam, najua kuna bajeti ya semina. Siku tatu za ukumbi, chai, posho na cheti hazijawahi kumzaa mtafiti. Hela hiyo mlipe mtaalamu wa takwimu akae Singida wiki mbili kila nusu mwaka, meza moja na mwanafunzi, wakichambua takwimu za wagonjwa wa Singida.

Hela yenyewe

Kwa miaka mingi tuliziachia nchi nyingine kulipa. PEPFAR ya Marekani ilibeba sehemu kubwa ya methadoni, na Fogarty, iliyoanzishwa 1968, imefundisha watafiti wengi wa Afrika Mashariki. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Mei mwaka huo NIH ikatangaza kusitisha utaratibu uliokuwa ukipitisha fedha kwa washirika wa nje kupitia ruzuku za vyuo vya Marekani. Watu walioajiriwa kwa fedha hizo waliamkia barua. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa wagonjwa waliokuwa wakitegemea kazi yao hawakuandikiwa barua yoyote.

Basi hela ya nyumbani itafutwe. COSTECH ipo kwa sheria ya 1986 na inasimamia MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia. Daktari wa uraibu ana haki ya kupanga foleni humo sawa na mgunduzi wa mashine ya kukoboa. Serikali hukusanya ushuru wa bidhaa kwenye kila chupa ya bia na kila chupa ya konyagi. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikitengwa kwa ajili ya kuwatibu na kuwachunguza waliodhurika na chupa zilezile, hakuna mtu mwenye akili atakayesema ameonewa. Halmashauri nazo zina ada za leseni za vilabu. Na mkoa huu una wana wake wenye uwezo: Mohammed Dewji alizaliwa Ipembe, mjini Singida, mwaka 1975, akawa mbunge wa mji huo kuanzia 2005 hadi 2015, na 2016 aliahidi hadharani kutoa angalau nusu ya mali yake. Barua nzuri, ya ukurasa mmoja, yenye hesabu iliyonyooka, inaweza kuandikwa kwake wiki hii.

Miaka mitano, isipungue

Mwaka wa kwanza hutaona kitu. Mwaka wa pili utaona dodoso lililorekebishwa mara nyingi na makala moja fupi. Ukimdai matokeo kila robo mwaka, unamnyanyua kuku juu ya mayai kila asubuhi uone kama yameanguliwa. Watu wa Singida, wanaofuga kuku wanaokwenda kuuzwa Dar es Salaam, watakueleza mwisho wake. Mwaka wa tatu atapata swali lake la kweli, pengine tofauti kabisa na lile uliloligharimia. Mwache alifuate. Mwaka wa tano aandike andiko lake mwenyewe la mradi, na awe na mwanafunzi wake mmoja, muuguzi au ofisa tabibu, aliyeanza kuhesabu kitu.

Mweleze tangu mwanzo nini kitamkuta ruzuku ikiisha. Wengi huhama hapo: wanakwenda Dar es Salaam, Nairobi, au shirika la kimataifa lenye kiyoyozi, na siwalaumu. Anayeondoka hafukuzwi na Singida. Anaondoka kwa sababu hakuna cheo kinachomtambua. Kaa na hospitali na Wizara mapema, muombe nafasi ya daktari mtafiti iingie kwenye ikama ya hospitali ya rufaa ya mkoa, yenye siku za utafiti zilizoandikwa. Ikipatikana Singida, itaombwa Tabora, itaombwa Rukwa.

Na uwahi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na makadirio yake huandikwa miezi mingi kabla. Barua yako imfikie Mganga Mfawidhi kabla ya Desemba kwisha, nakala kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Maelezo ya uraibu, takwimu za dunia na sifa za mfuko wako viweke mwishoni. Juu kabisa, mstari wa kwanza baada ya salamu, andika jina la daktari atakayeshika zamu, namba ya leseni yake, na tarehe atakayoripoti kazini.